Mtakatifu Basili na Vitabu vya Wapagani

Kaisaria ya Kapadokia ulikuwa mji mkubwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Huko alizaliwa Mtakatifu Basili, Askofu na Mwalimu wa Kanisa, karibu na mwaka 330, katika jamaa ya Wakristo ambao imani yao ilikuwa imekwisha kujaribiwa vikali. Bibi yake mzaa baba, jina lake Makrina, alikimbia pamoja na mumewe wakati wa mateso ya mwanzo wa karne ya 4. Wakajificha katika misitu ya Ponto yapata miaka saba, wakila nyama ya mwituni na kulala pasipo paa. Babu yake mzaa mama aliuawa kwa hasira ya mtawala, na mali yake yote ikagawiwa watu wengine. Watu wa namna hiyo hawaichezei dini. Basili alipokuwa mtoto mdogo, bibi huyo ndiye aliyemfundisha maneno ya kwanza ya imani.

Lakini baba yake, aliyeitwa pia Basili, alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana vitabu vya wapagani. Wala hapakuwa na vitabu vingine vya shule. Siku zile kijana aliyetaka kujua kusoma vema, kupanga mawazo na kusema mbele ya watu alianza na mashairi ya Homer, ambayo yalikuwa na umri wa miaka elfu moja hivi, kisha akaendelea kwa Hesiod, kwa Demosthenes na kwa Plato. Ndani ya vitabu hivyo mlikuwa na ushujaa, busara na maneno matamu. Mlikuwa pia na miungu wazinzi, ndugu waliopigana na ndugu, na wana waliowafanyia vita baba zao. Hivyo katika nyumba moja zilikaa pamoja damu ya mashahidi na nyimbo za Homer, na mtoto alipaswa ama kupata njia ya kukaa na vyote viwili, ama kutupa kimoja.

Shida hiyo si ya Kapadokia peke yake. Kila taifa linalopokea Injili huikuta mlangoni: maneno ya wahenga wasiomjua Kristu yafanyiwe nini? Wako wanaoyachukua yote pamoja na uchafu wake, wako wanaoyatupa yote pamoja na dhahabu yake, na kila upande huuona mwingine kuwa mpumbavu. Basili hakufuata upande wowote kati ya hizo mbili.

Alisoma kwanza Kaisaria, kisha Konstantinopoli, na karibu na mwaka 350 akavuka bahari kwenda Athene. Mji huo haukuwa tena na nguvu za kivita wala utajiri wake wa zamani, bali bado ulikuwa mama wa elimu. Wanafunzi walikuja kutoka pande zote za dola ya Roma, nao walikuwa na desturi ya kumdhihaki kila mgeni, kumzingira kwa kelele na kumpeleka kwa maandamano mpaka bafuni, apate kujua kwamba hapo yeye si kitu. Kijana mmoja wa Kapadokia, Gregori wa Nazianzo, alikuwa amemtangulia. Gregori alimjua Basili kuwa mtu mzito asiyependa mizaha, akawasihi wenziwe wamwache apite bila kuonewa. Huo ukawa mwanzo wa urafiki wao. Walikaa nyumba moja wakala meza moja. Gregori alisimulia baadaye kwamba katika mji ule wenye sanamu na sherehe nyingi walizijua njia mbili tu, ya kwenda kanisani na ya kwenda kwa walimu wao. Mmoja wa walimu hao, Prohaeresius, alikuwa Mkristo. Mwingine, Himerius, alikuwa mpagani. Wote wawili waliwafundisha kwa vitabu vilevile.

Mwaka 355 alifika Athene mwanafunzi mwingine, kijana wa ukoo wa Kaisari, naye ni Julian. Alikuwa amebatizwa na kulelewa katika dini, lakini moyoni alikuwa amekwisha kuirudia miungu ya kale, ingawa hakuthubutu kulitangaza jambo hilo. Vijana hawa watatu walisoma Homer yuleyule chini ya jua lilelile. Mmoja alikuja kutumia elimu hiyo kutaka kulinyamazisha Kanisa, na wawili kulitetea.

Basili alirudi kwao karibu na mwaka 356, akaanza kufundisha ufasaha huko Kaisaria. Watu walimsifu mno, naye akazipenda sifa. Ndugu yake Gregori, aliyekuwa baadaye Askofu wa Nisa, hakuficha neno hili alipoandika habari za jamaa yao: Basili alitoka shuleni amevimba kwa majivuno, akawadharau hata wakubwa wa mji. Aliyemshusha alikuwa dada yao mkubwa, Makrina, aliyepewa jina la bibi yao. Huyu hakwenda Athene wala hakufundishwa mashairi ya Homer, kwa kuwa mama yao alimlea kwa Zaburi na kitabu cha Hekima. Alimwonyesha mdogo wake ya kuwa elimu inayomfanya mtu awadharau wenziwe haijamfikisha popote. Basili akasikia, akaacha kiti chake cha ualimu. Wengi wakati ule walichelewesha ubatizo hata utu uzima; yeye naye alibatizwa sasa, akiwa na umri wa miaka 27 hivi. Kisha akasafiri Misri, Palestina, Siria na Mesopotamia kuwatazama watawa, na aliporudi akakaa kando ya mto Iris katika Ponto, kwa sala na kazi ya mikono. Kanuni alizowaandikia watawa zinafuatwa hata leo katika Makanisa ya Mashariki.

Mwaka 361 Julian akawa Kaisari. Hakuanza kuwachinja Wakristo, kwa maana alijua vema kwamba mashahidi hulizidishia Kanisa nguvu. Alitafuta njia nyingine. Mwaka 362 alitoa amri juu ya walimu, akaeleza katika barua kwamba mtu asiyeiamini miungu ya Homer na Hesiod ni mdanganyifu akivifundisha vitabu vyao. Wagalilaya, kama alivyowaita Wakristo kwa dharau, waende makanisani mwao wakawafafanue Mathayo na Luka. Prohaeresius akaacha kiti chake. Huko Siria baba na mwana walioitwa Apollinarius wote wawili wakaanza kuyageuza Maandiko Matakatifu yawe mashairi na mazungumzo kwa mtindo wa Kigiriki, ili watoto wa Kikristo wapate vitabu vya kusomea. Hata Ammianus Marcellinus, mwandishi wa historia aliyekuwa mpagani na aliyempenda Julian, aliiona amri hiyo kuwa kali mno na yenye kustahili kusahauliwa.

Hila ya Kaisari ilikuwa ndani zaidi ya ukali wake. Alisema kwamba vitabu ni mali ya miungu kabisa, toka jalada mpaka jalada, na asiyeitolea miungu sadaka hana haki navyo. Ajabu ni kwamba Wakristo wengine wenye bidii waliamini neno hilohilo. Nao walisema vitabu ni vya miungu, kwa hiyo visiguswe. Kaisari na wao hawakupatana katika lolote jingine, lakini hapo walikuwa kitu kimoja. Julian alikufa vitani dhidi ya Waajemi mwezi wa Juni 363, na amri yake haikudumu. Shida yenyewe ilibaki.

Jibu la Basili limo katika kitabu kidogo alichowaandikia vijana, ambao kwa mapokeo husemwa walikuwa watoto wa ndugu zake, kuwaonyesha jinsi ya kupata faida katika maandiko ya Wagiriki. Si kitabu cha mtu anayekisia. Aliandika akiwa mtu mzima aliyekwisha kuonja mambo mengi, naye aliwaambia waziwazi kwamba hawapaswi kumkabidhi mtungaji yeyote usukani wa roho zao, kama mtu amkabidhivyo nahodha chombo. Mkristo hutazamia uzima mwingine, na kila kitu hupimwa kwa uzima huo. Hata hivyo, macho ya kijana hayawezi kutazama jua mara moja. Hujizoeza kwanza kwa kulitazama katika maji. Watia rangi hawaitumbukizi nguo katika zambarau kabla ya kuitayarisha. Vivyo hivyo elimu ya Wagiriki huitayarisha akili kwa mafumbo yaliyo juu yake. Musa alizoezwa kwanza katika hekima ya Wamisri, na Danieli katika elimu ya Wakaldayo, wala hayo hayakuwazuia kumjua Mungu.

Mfano wake unaojulikana kuliko mingine ni ule wa nyuki. Nyuki hawendi kwenye kila ua, wala hawajaribu kubeba ua zima walilotua juu yake. Huchukua kilicho na faida kwa kazi yao na kuliacha lililobaki. Mchuma mawaridi naye hujihadhari na miiba. Yafaa kuangalia kwamba mfano huu hauruhusu uvivu wa namna yoyote. Asiyejua kutofautisha asali na sumu hawezi kuwa nyuki. Kwa hiyo kijana hutakiwa kuijua imani yake vema kabla ya kuingia katika bustani ile.

Kisha Basili akawaonyesha asali yenyewe. Alitaja shairi la Hesiod, ambamo njia ya wema mwanzoni ni mwinuko wa mawe na jasho, na baadaye huwa rahisi. Alitaja habari ya Heracles kijana aliyefika njia panda akawakuta wanawake wawili: mmoja amepambwa na kuahidi starehe, mwingine amekonda, hana urembo, na ahadi yake ni taabu. Huyu wa pili ndiye Wema. Alitaja habari ya Pericles, ambaye mtu mmoja alimtukana sokoni kutwa nzima, na giza lilipoingia Pericles akamsindikiza kwa taa mpaka nyumbani kwake. Alitaja Socrates, aliyepigwa usoni mpaka akavimba, asilipe kisasi, ila akaandika tu kwenye paji la uso wake jina la yule aliyempiga, kama mchongaji anavyotia jina lake katika sanamu. Alitaja Clinias, mfuasi wa Pythagoras, ambaye kwa kuapa tu angaliepuka faini ya talanta tatu. Akaona afadhali kulipa. Na Alexander, aliyewateka binti za Dario mfalme wa Waajemi, akasikia sifa za uzuri wao, akakataa hata kuwatazama.

Msomaji wa Injili ataona mara moja kwa nini Basili alichagua hayo. Bwana wetu ameamuru kugeuza shavu la pili, kuwaombea wanaotuudhi, kutoapa kamwe, na kutomtazama mwanamke kwa tamaa. Mafundisho ya mlimani huwafanya wengine waseme kwamba ni mazuri lakini hayawezekani kwa mwanadamu. Basili aliwaonyesha vijana kwamba wapagani, wasio na Ubatizo wala Ekaristi, walikuwa wamefika karibu na malango yake. Hakusema kwamba walitosha. Alitaka Mkristo aone aibu akishindwa na Pericles.

Aliongeza onyo. Watu wanaosifu wema kwa maneno na kuishi vingine, hao ni kama waigizaji katika michezo ya Wagiriki: huingia uwanjani wamevaa taji la mfalme, kumbe si wafalme, na pengine si hata watu huru.

Kuna jambo lisilopaswa kufichwa. Katika barua aliyoandika karibu na mwaka 375 Basili alilalamika kwamba alikuwa amepoteza karibu ujana wake wote katika ubatili, akijipatia hekima ambayo Mungu ameifanya kuwa upuzi, mpaka alipoamka kama mtu atokaye katika usingizi mzito. Wengine huona hapa amejikana mwenyewe. Lakini mkulima anayejuta kwa sababu aliabudu jembe lake halitupi shambani, hulishika sawasawa. Miaka ya uaskofu wake yaonyesha alivyolishika.

Alipewa upadre karibu na mwaka 364. Mwaka 368 mvua na theluji zilikosa, na mwaka uliofuata njaa kali ikaingia Kapadokia. Kaisaria u mbali na bahari, wala hapakuwa na njia rahisi ya kuleta nafaka. Matajiri walikuwa na ghala zilizojaa, wakangoja bei ipande. Basili aliuza sehemu kubwa ya urithi wake, kisha akapanda mimbarani. Hapo ndipo walimu wa Athene walipolipwa. Walikuwa wamemfundisha kuliweka jambo mbele ya macho ya wasikilizaji hata wadhani wanaliona. Basi akawaonyesha baba aliyeishiwa na kila kitu nyumbani, anayewatazama watoto wake na kutafuta ni yupi atakayemuuza sokoni ili wengine wale: mkubwa, aliye mzaliwa wa kwanza? mdogo, asiyejua taabu? yule anayefanana na baba yake, au yule mwenye akili shuleni? Na mbele ya baba huyo akamsimamisha tajiri, anayebishana juu ya bei na kutaka apunguziwe. Ghala zikafunguliwa. Basili akawakusanya wenye njaa mahali pamoja, akapika supu ya mbegu katika vyungu vikubwa, akajifunga kitambaa kiunoni akawagawia kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka 370 alifanywa Askofu wa Kaisaria. Nje ya mji akajenga nyumba nyingi zilizokuwa kama mji mpya: za wasafiri, za maskini, za wagonjwa pamoja na waganga na wauguzi wao, na mahali pa wakoma, ambao mpaka hapo walikuwa wakifukuzwa njiani. Watu wakauita Basiliadi. Yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mgonjwa tangu ujana, alikuwa amejifunza uganga wa Kigiriki, na aliwafundisha watawa wake kwamba uganga ni zawadi ya Mungu kama ukulima, ili mradi mgonjwa asiliweke tumaini lake lote katika dawa. Wakoma hakuwatibu kwa mbali. Aliwasalimu kwa busu.

Vilevile katika siku za Kwaresima aliwahubiria watu habari za uumbaji, mahubiri tisa, na wasikilizaji wake wengi walikuwa mafundi waliopaswa kurudi kazini kupata mkate wa siku. Aliwaeleza tabia za samaki, ndege na mimea kama alivyozisoma katika elimu iliyotoka kwa Aristotle. Mengine katika elimu hiyo yalikuwa makosa. Alisadiki, kwa mfano, kwamba mikunga huzaliwa katika tope. Lakini kwa njia yake fundi wa ngozi alipata bure yale ambayo watoto wa matajiri waliyalipia huko Athene.

Kaisari Valens aliwapendelea wafuasi wa Arius, waliokana kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba. Yapata mwaka 372 alimtuma Modestus, liwali mkuu, amlazimishe Basili akubali. Modestus akamtishia kunyang'anywa mali, kuhamishwa, kuteswa na kuuawa. Basili akajibu kwamba mwenye nguo chache zilizochakaa na vitabu vichache hana cha kunyang'anywa; kwamba hawezi kuhamishwa, maana dunia yote ni ya Mungu, naye ni mgeni popote; kwamba mwili wake dhaifu utakufa kwa pigo la kwanza; na kwamba kifo kitamfikisha upesi zaidi kwa Yule anayemtafuta. Liwali akastaajabu, akasema hajapata kujibiwa hivyo na mtu. Basili akamwambia kwamba labda hajapata kukutana na askofu. Wanafalsafa wa Stoa walikuwa wamefundisha karne nyingi kwamba mtu mwema hawezi kudhuriwa na mwenye upanga, na aliyewasoma angesikia sauti yao katika jibu lile. Neno la mwisho tu hawakulijua, kwamba nyuma ya kifo yuko Mmoja anayengoja.

Basili hakuhamishwa. Valens mwenyewe alikuja kanisani siku ya Epifania, akaona jinsi watu walivyosali, akamwacha.

Urafiki wake na Gregori uliumia mwaka huohuo, kwa kuwa Basili, akitafuta maaskofu wa kumsaidia, alimweka wakfu kwa ajili ya Sasima, kijiji cha vumbi na kelele za magari kwenye njia panda. Gregori alihisi ametumiwa kama chombo, wala hakulisahau kabisa jambo hilo. Lakini ndiye aliyemtungia rafiki yake hotuba kubwa ya sifa baada ya kufa, na habari nyingi za maisha yake zimetoka humo.

Basili alifariki, kwa mapokeo, tarehe 1 Januari 379, akiwa na umri usiozidi miaka 50. Siku ya mazishi yake watu walisongamana hata wengine wakafa kwa kukanyagwa, na waliolia hawakuwa Wakristo tu, bali Wayahudi na wapagani pia.

Kile kitabu kidogo hakikufa pamoja naye. Karibu na mwaka 1400, huko Firenze katika Italia, watu walianza tena kubishana kama vijana wa Kikristo wasomeshwe watungaji wa kale. Leonardo Bruni akakitafsiri kwa Kilatini, akampelekea mzee Coluccio Salutati aliyekuwa akiwatetea watungaji hao, ili wapinzani wajibiwe na mtakatifu badala ya mwanachuoni. Kikanakiliwa mara nyingi, kisha kikapigwa chapa, kikawa kitabu cha shule katika nchi nyingi za Ulaya. Na katika kalenda ya Kanisa la Roma iliyotengenezwa upya mwaka 1969, sikukuu ya Basili imewekwa tarehe 2 Januari, siku moja na ya Gregori wa Nazianzo, mwenziwe wa Athene.